Ndege ya Jumanne kutoka Tabora

Nairobi, 14 Agosti 1960

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba barua ikukute una nguvu, miguu haivimbi tena kwa kusimama jikoni, na wanywaji chai bado wanajaa mgahawani kwako kama nilivyowaacha. Mimi sijambo. Nimerudi kutoka Uingereza Jumatano iliyopita na mafua kidogo tu, mengine yote salama.

Leseni ya urubani ninayo, mama. Siku niliyopewa niliingia nayo chooni, nikafunga mlango nikaisoma tena na tena, maana sikutaka wenzangu wanione ninavyocheka peke yangu.

Sasa nimepata kazi mbili na lazima nichague moja. Ya kwanza ni ya kampuni kubwa ya hapa Nairobi, yenye ndege za injini nne zinazokwenda mpaka London na Bombay. Nitavaa kofia na vifungo vya dhahabu, lakini kwa muda mrefu nitakaa nyuma ya marubani wawili, nikisoma mishale ya mitambo na kuwaambia inasema nini. Ya pili ni kampuni ndogo ya Tabora, ya mzungu mmoja, Bwana Hadley. Ana ndege tatu za injini moja moja. Zinabeba barua, dawa na abiria wachache, na zinashuka Singida, Dodoma, Mbeya, popote penye kiwanja cha majani. Huko nitarusha mwenyewe tangu mwanzo.

Moyo wangu umeegemea upande mmoja, lakini sitaki kujibu kabla sijasikia neno lako. Msalimie rafiki yako Bi Damari na majirani wote wa Utemini.

Mimi mwanao,
Mosi


Singida, 2 Septemba 1960

Mwanangu Mosi,

Marahaba. Miguu inavimba vilevile, ila namshukuru Mungu inanibeba. Kifua chako kifukize kwa majani ya mkaratusi, usikidharau.

Barua yako nilimsomea Damari, naye akaipeleka kisimani. Sasa Utemini nzima inajua kwamba mtoto wa Mboni atakwenda London amevaa dhahabu. Ijumaa wamekuombea dua msikitini. Habari za Tabora Damari hakuzisema, maana nilimkataza.

Yuko dereva mmoja, mteja wangu, alipigana vita kule Burma na ndege anazijua. Nikamwuliza, "Injini moja ikizimika huko juu, inakuwaje?" Akanywa chai yake kwanza. Halafu akasema, "Mama Mosi, ndiyo maana zile nyingine wameziwekea nne."

Elimu yangu mimi ni ya kuandika barua tu, lakini moja na nne nazijua. Chagua Nairobi. Sikuombi, nakuambia. Baba yako alikufa kwenye usukani wa lori la mtu na nikabaki na wewe peke yako. Nimekulea kwa maandazi na moshi. Sikukulea uanguke porini huko Wembere, ukaokotwe na wachunga ng'ombe.

Ni mimi mama yako,
Mboni binti Kombo


Tabora, 25 Septemba 1960

Mama yangu,

Shikamoo. Ninakuandikia nikijua utakasirika, nami naomba hasira isikuletee ugonjwa. Mimi ni mzima, na kama unavyoona hapo juu, niko Tabora.

Sikukupuuza. Niliikunja barua yako nikaenda nayo kwa bwana wa kampuni kubwa. Nikamwuliza, "Lini nitashika usukani mimi mwenyewe?" Akaniambia kwa upole, "Labda miaka minane, labda kumi. Wako wengi mbele yako." Hakunidanganya, na ninamshukuru kwa hilo. Lakini mama, nilivyotoka pale nilijiona mzee mwenye kofia nzuri, anayewasomea wengine mishale.

Hapa juzi nimepeleka dawa Mbeya, na aliyechagua njia ni mimi. Kulikuwa na mvua milimani nikazunguka. Mtu hujifunza urubani kwa kuamua, na hapa naamua kila siku. Tena ninaruka juu ya nchi ninayoijua, nikisafirisha watu ambao lugha yao ninaielewa.

Nisamehe kwa kukaidi. Uamuzi wenyewe sitaubadili.

Mwanao,
Mosi


Tabora, 18 Desemba 1960

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Natumaini uzima upo. Mtu wa mabasi ameniambia mgahawa uko wazi na sauti yako inasikika mpaka barabarani, basi nimejua mkono ndio hautaki kuandika.

Bwana Hadley amenipa njia ya Singida. Kuanzia tarehe kumi Januari nitashuka kila Jumanne asubuhi. Ndege haikai, ni kushusha barua na kupakia nyingine, nami siruhusiwi kuiacha kiwanjani. Kwa hiyo siwezi kuja nyumbani mchana huo. Njoo wewe, mama. Simama tu penye miti nikuone.

Mwanao,
Mosi


Singida, 12 Januari 1961

Mosi,

Salamu zako zote nimepokea. Mimi mzima.

Jumanne nilikuwa nakaanga vitumbua nikaisikia. Wateja wote wakatoka nje na vikombe mkononi. Mzee Mughwai, yule anayeniletea maziwa kutoka Unyambwa, akapiga kelele, "Mama Mosi, toka umwone mtoto!" Sikutoka. Damari alikwenda mpaka kiwanjani, akarudi anasema umekonda na umefuga masharubu. Niliunguza vitumbua.

Sijakubali. Lakini kwa kuwa umekaidi na utaendelea kukaidi, nitakuambia neno ambalo sijawahi kukuambia, kwa sababu ulikuwa mdogo, na baadaye nilizoea kunyamaza.

Watu wanasema baba yako alichukuliwa na mto kwenye njia ya Manyoni. Ni kweli, lakini hawasemi yote. Baba yako Mselemu alifika mtoni akasimamisha lori. Aliona maji yamebadilika rangi. Akamwambia mwenye lori, aliyekaa naye mbele, "Tungoje mpaka kesho." Yule akamjibu, "Karanga zangu zinalowa. Kama unaogopa, shuka, nitatafuta mwanamume." Baba yako akawasha lori. Utingo aliruka akapona, ndiye aliyekuja kunisimulia, akaketi sakafuni akalia. Mto sikuukasirikia, Mosi. Nilimkasirikia baba yako, kwa kuwa alijua, akawasha.

Basi sharti langu ni hili. Siku utakayoona haifai, ukatae. Asikupandishe mtu kwa maneno. Ukiniahidi hilo nitakuandikia tena.

Mama yako


Tabora, 9 Machi 1961

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuombea afya. Mimi mwili mzima, moyo umechoka.

Niliahidi, na juzi Jumanne ahadi ilinidai. Bwana mkubwa mmoja wa serikali alitaka kwenda Singida, ana baraza na watemi saa nne. Alikuwa na karani wake. Kabla hatujapakia ilikuja simu kutoka huko kwamba wingu limelala juu ya yale mawe makubwa ya hapo, kiwanja hakionekani. Nikamwambia Bwana Hadley tungoje mpaka lipande.

Akasema, "Pita juu yake. Ukifika tafuta tundu ushuke."

Nikasema, "Na nisipoliona tundu? Mafuta ya kuzungukazunguka hayatoshi, na mbuga yote ya Wembere imejaa maji. Hakuna pa kutua. Siendi."

Yule bwana mkubwa hakunitazama hata kidogo. Alimwambia Hadley, "Nilikuonya usiajiri mtu wa namna hii."

Ndipo Bwana Kerr, rubani mwenzangu, Mskochi wa makamo, akavaa koti lake akasema, "Nitawapeleka mimi." Akaondoka nao. Na walifika, mama. Walifika salama, baraza likafanyika. Simu ilipoleta habari hiyo, kwa muda mfupi sikufurahi, nikajionea haya.

Sasa nimeondolewa kwenye ndege. Napima magunia ya barua kwenye banda. Bwana Hadley anataka nimwandikie yule bwana mkubwa barua ya kuomba radhi, nikiri kwamba niliogopa pasipo sababu. Nikiandika nitaruka tena. Nisipoandika nitabaki na magunia. Vijana wa kiwanjani wananiita Bwana Kesho.

Kampuni ya Nairobi nimeiuliza kwa simu, nao wamejibu kwamba nafasi yangu bado ipo kwa sasa. Najua wewe ndiko ulikotaka tangu zamani. Niambie.

Mwanao,
Mosi


Singida, 14 Machi 1961

Mwanangu Mosi,

Marahaba, tena marahaba. Sijambo, na leo naandika haraka kwa kuwa nina mengi.

Habari zilikutangulia. Yule karani wa bwana mkubwa aliingia hapa Jumatano, amejaa maneno. Hakujua mgahawa ni wa nani. Akaagiza chai na maandazi, akawaambia watu, "Rubani wenu Mwafrika aliogopa wingu! Mzungu mtu mzima akaingia humo kama anaingia nyumbani kwake."

Watu wakainamia vikombe. Damari akanikonyeza ninyamaze. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe ulikuwa ndani ya ndege hiyo?"

"Nilikuwemo, mama."

"Njiani ulikuwa unafanya nini?"

Akajaza andazi mdomoni. Tarishi wa bomani, aliyekwenda kuwapokea na kubeba mizigo yao, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Kofia yake ndiyo iliyojibu! Alishuka ameishika kama bakuli, imejaa matapishi. Alimwita Mungu kwa majina yote." Mgahawa mzima ukaangua kicheko, na karani naye mwisho akacheka. Akasema polepole, "Kweli mama, sikutegemea kuiona ardhi tena." Sikumtoza chai.

Sasa sikiliza. Kufika kwao hakubadilishi kitu. Hata baba yako alivuka mito mingine mibaya kabla ya ule, na kila alipovuka walimsifu.

Barua ya kuomba radhi usiandike. Utakuwa umetia sahihi kwamba uliyoyaona kwa macho yako hukuyaona. Pima magunia. Mimi nimesafisha vyombo vya watu, na bado ni Mboni.

Na Nairobi, nilikutaka uende na nilikufungia mdomo miezi mitatu kwa ajili hiyo. Leo nakuambia, ukitaka kwenda kwa kuwa unapapenda, nenda na baraka zangu. Lakini usiende kwa sababu ya kuchekwa. Na usiende kwa sababu ya hofu yangu. Hofu yangu nitaishi nayo mwenyewe, mimi ni mtu mzima.

Mama yako,
Mboni


Tabora, 4 Aprili 1961

Mama yangu,

Shikamoo mama. Naomba uzima ukuzunguke. Mimi leo ni mzima mwili na roho.

Barua sikuandika. Nilipima magunia, nikafagia banda. Bwana Kerr alikuwa anaruka njia zote peke yake, na hakuwa anazungumza na mtu.

Juma lililopita, asubuhi moja, ilikuja simu ileile ya wingu, safari hii kutoka Mbeya. Abiria wawili wanangoja. Bwana Hadley akamwambia Kerr aondoke. Kerr akavua kofia akaiweka juu ya gunia nililokuwa napima.

"Leo siendi," akasema. "Na ile Jumanne ya Singida pia sikupaswa kwenda."

Hadley akasema, "Ulifika."

"Nilifika kwa sababu wingu lilipasuka mara moja, na lilipopasuka niliona jiwe kubwa kama nyumba linapita chini ya magurudumu. Ningekuwa chini kidogo tu, sasa ungekuwa unamwajiri mwingine. Nina watoto, Hadley. Nilikwenda kwa kuwa nilijionea aibu kukataa baada ya kijana kukataa. Mkweli siku ile alikuwa yeye."

Abiria walikuwa wanasikia yote. Hadley akawasha kiko, kikazima, akakiwasha tena. Halafu akanigeukia.

"Ile barua umeiandika?"

"Hapana, bwana."

"Basi usiiandike."

Hakuniomba radhi, na yule bwana mkubwa hatapanda nami tena, amesema hivyo waziwazi. Lakini ukutani pa ofisi sasa kuna maneno kwa mkono wa Hadley mwenyewe: kuondoka au kutoondoka ni juu ya rubani. Kerr ananifundisha njia za Iramba na Mkalama, naye haniiti tena kijana.

Nairobi nimewaandikia kwa heshima kwamba siendi. Mara ya kwanza niliichagua Tabora kwa sababu ya kuwa na haraka. Safari hii nimeichagua nikijua itanidai nini. Jumanne nitashuka Singida.

Mwanao,
Mosi


Singida, 18 Aprili 1961

Mwanangu Mosi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Damari mzima, Mzee Mughwai naye amepona homa.

Jumanne iliyopita nilikuona, nawe ukaniona, kwa hiyo hayo hatuyaandiki. Masharubu yanyoe.

Leo asubuhi nilifunga mgahawa mapema nikaja tena kiwanjani. Tulikuwa watu wengi, na wapokea barua, na mgonjwa mmoja kutoka Issuna aliyekuwa asafirishwe kwenda hospitali ya Tabora. Kwa bahati hali yake si ya kutisha, mganga amempeleka hospitali ya hapahapa. Tulingoja. Upande wa Iramba kulikuwa kumefunga kabisa, kweusi kama sufuria. Saa ya ndege ikafika, ikapita. Watu wakaanza kunitazama kwa pembeni, wanaogopa kuniuliza. Damari akanishika mkono.

Nikawaambia, "Twendeni nyumbani. Leo haji. Ameitazama mbingu ileile tunayoitazama sisi, amekataa."

Nimerudi, nimefungua mgahawa, nimeuza. Jioni nimekula wali wote niliopika. Sasa naizima taa nilale.

Mama yako,
Mboni