Mashine ya Somoe Iko kwa Mjomba

Mwanza,
Jumapili, baada ya zamu

Mama yangu,

Shikamoo. Ukishaitikia, tafuta mahali ukae, vaa miwani yako uisome barua hii mwenyewe. Usimpe mtu akusomee. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Habari za hapo Mkunya? Mgongo unaendeleaje, na zile dawa ulizopewa Newala umezimaliza au umeacha katikati kama kawaida yako? Maji je, bado mnanunua ya madumu? Nimesikia mikorosho upande wa kwetu imezaa vizuri safari hii, nimefurahi. Mimi ni mzima. Kazi ya kiwandani ni ileile, tunachuna minofu ya sangara kuanzia alfajiri, mabuti miguuni na barafu mikononi. Mwanza nimeizoea, ila ugali wa muhogo kama wako sijaupata bado.

Salamu zimetosha. Mama, nina hasira, na safari hii sitazimeza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikikupigia, Mjomba yuko pembeni anakohoa, na nikianza kusema jambo la maana unampa simu yeye. Barua hii anakuletea jirani yangu, Mama Zaituni, anayekuja Newala kumwona baba yake. Nimemwambia akukabidhi mkononi, na akikukosa asimwachie mtu.

Juzi Mjomba alinipigia mwenyewe. Hakuniuliza hata hali. Alianza moja kwa moja: "Hadija, laptopu imegoma. Ntoto huyu nimemwita aweke kidole, kaweka, imekataa. Kaweka tena, imekataa. Kanifanyia makusudi. Sasa inataka namba ya siri. Nipe."

Nikamuuliza, "Mjomba, laptopu ya Somoe inafanya nini kwako mpaka leo?"

Akasema, "Kwani Somoe wa nani? Si ntoto wangu?"

Nikamwambia namba siikumbuki. Akasema basi, Jumamosi hii inayokuja anaipeleka Masasi kwa fundi, aifute yote ianze upya, aiweke na kidole chake yeye. Akakata simu.

Naikumbuka namba vizuri sana, Mama. Na Somoe naye anaijua. Yeye alimwambia Mjomba kwamba namba anayo dada peke yake, na mimi nikamwambia siikumbuki, wala hatukupanga. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ni mama yetu. Ukienda kumwambia, utakuwa umetumaliza.

Labda hujaelewa kufuta maana yake nini. Mle ndani zimo ramani za nyumba alizochora Somoe tangu alipomaliza chuo. Kuna ya mwalimu mmoja wa Lukuledi, kuna ya yule mfanyabiashara wa Newala anayetaka kujenga ghorofa, kuna kazi zake zote za majaribio ambazo Mama Upendo wa Masasi alizipenda mpaka akamwahidi nafasi ofisini kwake. Unajua sharti lake. Alisema, njoo na mashine yako inayoweza kazi hii, mimi sina ya kukupa. Akasema atamsubiri mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi unakwisha, na mtoto wako yuko uani anabangua korosho.

Ndiyo maana nilinunua mashine ya ghali. Mjomba anasema nilifanya majivuno, kwamba hata ya kawaida ingetosha. Ya kawaida alikuwa nayo chuoni, muulize. Ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga, na akifungua ramani kubwa inaganda. Anakwenda kupika, anarudi, anakuta bado imeganda. Mara mbili ilizimika na kazi yote ikapotea, akanipigia analia. Hii niliyonunua haina kelele. Ni nyepesi, anaweza kuitia kwenye mkoba akapanda nayo bodaboda mpaka kwa mteja. Kioo chake kinaonyesha mstari mwembamba bila kutetereka. Betri akiijaza anashinda nayo kutwa hata umeme ukikatika, na wewe unajua umeme wa kwetu. Nilimwita hapa Mwanza, tukaiwasha pamoja, akaweka kidole chake, akachora nayo sebuleni kwangu mpaka nikamwambia kula kwanza. Nilikuwa na furaha siku zile, Mama. Sikumbuki lini nilifurahi vile.

Ubaya wake nao naujua, sikununua nimefumba macho. Ina vitundu viwili tu, vidogo, flashi ya kawaida haiingii mpaka uwe na kile kiunganishi chake. Ukiichomeka kwenye soketi isiyo na waya wa ardhini, bati lake linakutekenya mkono. Ukikaa nayo juani huoni ramani, unaona pua yako. Na kibaya zaidi, kila kitu kimegandishwa ndani kwenye ubao mmoja. Kwenye laptopu za zamani fundi anachomoa diski, anakuhifadhia kazi zako mahali pengine, anakurudishia. Kwenye hii hakuna cha kuchomoa. Ikifutwa imefutwa, na ikiungua imeungua na kila kitu. Yote hayo nilimweleza Somoe, akayashika, na kwa mikono yake mashine ile ingedumu.

Sasa sikiliza inavyoishi kwa kaka yako. Analala nayo kitandani, Mama. Anaiweka juu ya godoro, anaifunika kile kitambaa cha kufuma cha mkewe eti isiingie vumbi, huku inawaka. Inapumulia wapi? Somoe anasema ukiigusa inachoma. Soketi yake haina waya wa ardhini, ikamtekenya, akasema inauma, ina kitu. Dawa yake ikawa kutandika kanga chini, matundu ya hewa yakazibwa kabisa. Wajukuu wamekichezea kiunganishi mpaka kimepotea, na ndiyo maana Somoe ameshindwa kuhamisha hata ramani moja kwenye flashi. Siku ya harusi ya kwa jirani akaitoa ikapigishwa muziki usiku kucha, kwa kuwa spika zake zina sauti nzuri. Mashine ya kuchorea nyumba za watu imefanywa redio ya harusi, na wewe ulikuwepo, ukacheza.

Na kila akitaka kuitumia anamtuma mtu aje amwite Somoe. Mgeni kaja, Somoe njoo ufungue. Mpira umeanza, Somoe njoo. Anaacha moto, ananawa, anakwenda, anaweka kidole, wanamwambia asante, anarudi jikoni. Hata kikombe cha chai hawampi. Aliniambia, "Dada, mimi kwa Mjomba nimekuwa ufunguo." Aliposema hivyo alicheka, na mimi nikacheka naye kwenye simu, halafu nikakata nikalia chooni kiwandani.

Sasa hili la kidole kukataa. Mjomba anasema makusudi. Hebu itazame mikono ya mwanao. Mafuta ya ganda la korosho yamemla vidole, ngozi imekuwa nyeusi na inabanduka. Mashine inatafuta ile michoro ya kidole chake alichoweka akiwa hapa kwangu, haioni. Mimi sihitaji kuambiwa, nayaona kila siku. Kiwandani tunaingia kazini kwa kuweka kidole, na sisi wa barafu ngozi ikishatoka mashine ya getini inatukataa, tunasimama pale mpaka msimamizi aje kutuandika kwa mkono. Hakuna makusudi hapo. Somoe anabangua korosho kwa sababu hana mashine ya kufanyia kazi yake. Na mashine imemkataa kwa sababu anabangua korosho. Halafu anaambiwa yeye ndiye mwenye roho mbaya. Mama, haikuumi hiyo? Mimi inaniuma.

Ninakuja kwako sasa, na unisamehe kwa nitakayosema. Mjomba sikumpa mashine mimi, na Somoe hakumpa. Ulimpa wewe. Mtoto ameshuka kwenye basi na uchovu wa safari, hata kuoga hajaoga, ukamwambia kitu kikubwa kama hiki lazima kwanza kiende kwa mjomba. Sipingi. Tumekulia humo, kitu kikiingia kwenye ukoo mjomba anakiona. Lakini kuonyesha ni kuonyesha. Unakipeleka, anakishika, anakuombea dua, unaondoka nacho. Aliposema iachwe kwake kwa kuwa kwake kuna umeme na kwako hakuna, ungemwambia betri yake inakaa kutwa, itakuwa inakuja kwake kujazwa tu. Somoe alikunong'oneza hivyo hivyo palepale. Ukamkanyaga mguu anyamaze.

Nikikuambia haya kwenye simu unanijibu jibu lako lilelile: "Mwanangu, nyamaza, yule ndiye aliyetulea." Ni kweli. Baba alipofariki, Mjomba alitubeba. Alitulimia, alinipeleka shule, Somoe alipougua alimbeba mgongoni mpaka Newala. Sijasahau, na nikiandika haya machozi yananitoka. Nampenda Mjomba. Lakini kutulea kusiwe sababu ya kutunyang'anya kila tunachoshika tukiwa watu wazima. Alitulea tuwe nini, kama si watu wanaojitegemea?

Najua na wewe umejisemea moyoni kwamba Somoe atapata nyingine, dada yake yuko Mwanza, atanunua. Sitanunua. Hata ningeweza nisingenunua, maana na hiyo ingekwenda kulala kwenye lile godoro.

Na kwa kuwa leo nimeamua kusema, niseme na hili ambalo hujawahi kuniuliza. Mama, mimi sikuondoka Mkunya kwa ajili ya samaki wa Mwanza. Nilikuwa na cherehani. Nilikuwa na wateja mpaka Newala mjini. Siku Mjomba alipokuja kuiazima kwa ajili ya mkewe, ulikuwa umekaa mlangoni unapeta mahindi, ukasogeza miguu apite nayo. Nilisubiri useme neno moja tu. Haikurudi, na mwaka ule ule nikapanda basi. Ulilia sana stendi, ukanifungia na muhogo mkavu, lakini hukuwahi kuniuliza kwa nini naondoka.

Kwa hiyo nimeongea na Somoe. Jumamosi itaondoka safari moja kati ya mbili kutoka hapo Mkunya. Ama Somoe atakwenda Masasi kwa Mama Upendo na mashine yake mkobani, ama mashine itakwenda Masasi kwa fundi na Somoe atapanda basi kuja huku kwangu. Nafasi kiwandani ipo, nimeshamuulizia. Atachuna samaki kama mimi. Sitaki hivyo, Mama, na yeye hataki, alisoma kwa shida. Lakini hatakaa hapo kuwa ufunguo. Akiondoka, nyumba hiyo utabaki wewe na kuku.

Hakuna mwingine wa kulifanya hili. Mimi nikisema, ni mtoto anajibizana na mkubwa. Somoe akisema, ni makusudi. Wewe ni dada yake, mmelala tumbo moja, wewe hawezi kukuambia umekosa adabu.

Nisalimie Bibi wa kwa marehemu Baba, mwambie kitenge chake nimekipata na Mama Zaituni amekibeba. Msalimie shangazi yetu wa Newala na mumewe, na shoga yangu Salima aliyejifungua, mtoto nibusie. Somoe mwambie apake mafuta ya nazi mikononi kila akilala na aache kubangua kuanzia leo, ngozi irudi. Mkewe Mjomba naye msalimie, sina ugomvi naye.

Na Mjomba nampa shikamoo. Hiyo usimtumie mtu, ipeleke mwenyewe siku ya Ijumaa, watu wakishatoka msikitini. Mwambie, "Hadija anakupa shikamoo." Msubiri aitikie marahaba. Akishaitikia, ingia chumbani, toa kile kitambaa, chukua mashine na chaja yake, uje nayo nyumbani. Akikuuliza unaipeleka wapi, mjibu wewe, kwa mdomo wako.

Ni mimi mwanao,
Hadija