Mafiga ya Kilimani

Jumatatu, 16 Juni

Nimekung'uta ufuta tangu asubuhi. Mgongo unauma. Kuku wa jirani wanadonoa, nimewafukuza mpaka nimechoka, mwisho nimewaachia.

Binti yangu Salma kapiga simu nikiwa nimejaa vumbi. Anacheka tu. Kazi yake ya Ruangwa inasogea. Kuna watu wameleta baiskeli za umeme, wageni wapande nazo kile kilima kinachotazama mji. Salma anawatangulia njiani na kuwasimulia. Bado anajaribiwa. Jumamosi ya wiki ijayo kila kijana alete mzazi wake, sisi wazazi ndio tuwe wageni wa majaribio. Bosi atapanda na sisi, asikilize nani anaweza na nani hawezi.

Nimesema nitakuja. Baiskeli naijua, nimebebea mihogo miaka mingi. Lakini ya umeme? Mtu akianguka nayo, ule umeme unakwenda wapi? Nimemuuliza breki zikoje. Kasema, "Mama, zinashika kuliko za gari." Sijatulia. Anayeteremka kilimani ni mwanangu, si gari.

Tena kilima kile. Ningependa kiwe kingine.

Jumatano, 18 Juni

Salma kapiga tena. Kanisimulia njia yote, wapi wanakunja, wapi wanapumzika. Wanapumzika juu, chini ya mpingo. Kuna mawe matatu pale yana masizi, kasema, mafiga ya watu wa zamani. Wanataka kujenga kibanda hapohapo. Zege chini, na yale mawe yashikizwe kwa saruji yawe viti vya wageni.

Nikamuuliza mpingo gani. Wenye mashina mawili, mama. Ukikaa pale unaona mabati yote ya mjini.

Nikasema haya mwanangu, simu inaisha chaji. Haikuwa inaisha.

Yale mafiga nayajua. Ni yangu. Yalinichemshia maji ya kukandwa nilipojifungua mara ya kwanza, tulipokuwa tunaishi chini ya kilima kile na marehemu mume wangu. Salma alikuwa hajazaliwa bado. Huyo wa kwanza naye wa kike. Alifariki kitovu chake hakijadondoka. Kwetu mtoto wa hivyo hana matanga. Wanaume hawaitwi. Mama yangu na mama mkwe walimchukua wenyewe alfajiri, wakampandisha juu, wakamzika. Mafiga wakayaweka juu yake, fisi asifukue, na mimi nijue ni wangu. Mimi sikwenda, mzazi hatoki nje. Waliniambia nisilie, tumbo litafunga, sitazaa tena. Nisimtaje, atakayefuata atasikia, atarudi alikotoka.

Sikulia. Sikumtaja. Akaja Salma, akaishi.

Nilipotoka ndani mama alinipeleka mara moja kunionyesha mahali. Halafu tukahamia huku Lionja kwa ndugu za mume. Waliozika wote wamekufa. Nimebaki mimi ninayejua.

Alhamisi, 19 Juni

Ugali umenishinda. Akilini namwona fundi na koleo.

Jumapili, 22 Juni

Nimeazima baiskeli kwa shemeji nijikumbushe. Nimezunguka uwanja mara nyingi mpaka watoto wakaja kunitazama. Mama Masanja naye kapita na maziwa yake. Huyu ni Msukuma, wamehamia juzijuzi na ng'ombe zao. Wapo wasiowapenda hapa kwa ajili ya ng'ombe kuingia mashambani. Mimi nampenda. Kasimama, kashika kiuno. "Mama Salma! Litakuangusha hilo libaiskeli, na libibi zima kama wewe nani atakunyanyua?" Tumecheka sana.

Tulipokaa nikamwambia. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa kuwa si wa huku, hajui kwamba hayasemwi.

Hakushangaa. Kasema yeye amewaacha wawili kule kwao. Walipohama waliswaga ng'ombe mbele, yeye nyuma, akageuka mara moja tu. Sasa pale pana shamba la mtu, wanalima na trekta. "Mimi wangu wako mbali, siwezi kitu. Wewe wako yuko hapo. Mwambie binti. Ajue wapi? Yeye mchawi?"

Nitamwambia Salma.

Jumanne, 24 Juni

Nimepiga. Kabla sijafungua mdomo kasema mchanga umeshapandishwa juu, na saruji, fundi anaanza Jumatatu. Halafu kasema bosi kamwambia akifanya vizuri Jumamosi anachukuliwa moja kwa moja. Alikuwa anaongea bila hata kumeza mate kwa furaha. Tangu amalize shule hajawahi kuongea vile. Miaka yote ilikuwa kuuza maandazi na kungoja.

Nikamwambia nakuombea dua mwanangu. Basi.

Mimi mwoga. Nimeogopa kuharibu. Nisiposema, zege. Nikisema, atakwama katikati ya mtihani wake.

Ijumaa, 27 Juni

Nimefika Ruangwa na gari la asubuhi. Chumba cha Salma kidogo, kisafi. Kanipikia samaki. Kavaa kizibao chao cha rangi ya chungwa akanisimamia mbele, mimi mgeni kitandani, akanisimulia kilima kizima. Anajua mambo. Anajua mji ulianzia wapi, barabara ya Lindi inapita wapi, korosho inatoa maua lini. Alipofika kwenye mafiga akapiga magoti kuonyesha mtu anavyopuliza moto.

Nilipiga makofi.

Kaniuliza, "Mama, mbona huna raha? Nimekosea?" Nikasema hujakosea. Hapo ndipo pa kusema. Sikusema.

Jumamosi, 28 Juni

Nianze mwanzo, maana nikirukia mwisho sitaandika.

Tulikuwa wazazi watano. Bosi kijana wa Dar, anaitwa Meshaki, mpole, ana miwani. Wametuvalisha kofia ngumu, sisi wanawake juu ya mitandio. Kila baiskeli ina kitaa, kikiwa kijani betri imejaa. Ukikanyaga kidogo tu inakusukuma, kama kuna mtu nyuma kakushika kiti. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Mzee Issa, baba wa kijana mwingine, kasema, "Ingekuwepo enzi zangu hii, mama watoto asingenikamata!" Watu wakafa kwa kicheko. Na mimi nilicheka. Nilisahau kidogo. Mlima ule niliokuwa naupanda na kuni kichwani, natweta, leo naupanda nimekaa.

Salma mbele. Anageuka, anahesabu watu, anasema polepole kwenye changarawe. Anasimamisha, anasimulia. Sauti imenyooka. Nilijivuna, nisiseme uongo.

Tukakunja. Nikauona mpingo.

Lundo la mchanga. Mifuko ya saruji chini ya turubai. Mawe mawili yapo palepale. La tatu limesogezwa, limewekwa kuzuia turubai lisipeperuke.

Salma kaanza. Karibuni wageni wangu, hapa wazee wetu walipikia, mnaona masizi. Kapiga magoti kama jana. Mzee Issa kachoka, akakaa juu ya jiwe, akanyoosha miguu.

Nikasema, "Mzee Issa, inuka hapo."

Kadhani utani. "Kwani limeandikwa jina?"

"Halijaandikwa. Nina mtoto hapo."

Hakuna aliyecheka. Salma alikuwa bado amepiga magoti. Kanitazama kama mtu asiyenijua. Meshaki kamuuliza taratibu, "Salma, ulijua?" Kasema hakujua. Kasimama, kapangusa magoti. Akasema kwa sauti ileile ya kazi, "Wageni wangu, tusogee pale mbele." Pale mbele ni jua tupu. Wote wakasogea.

Nilikwenda kuliondoa lile jiwe kwenye turubai. Zito. Mzee Issa karudi, kavua kofia, kashika upande wa pili. Tumelirudisha. Kasema tu, "Nisamehe, dada."

Kuteremka, Salma hakugeuka kuhesabu watu. Nilibana breki mpaka vidole vikafa ganzi.

Chini Meshaki kaniita. Kasema pole mama. Kasema ramani ya kibanda imeshapitishwa, pale ndipo penye mandhari, lakini atazungumza na wenzake na wazee wa mtaa. Hakuahidi. Nikamwambia binti hana kosa, kosa la kukaa kimya ni la kwetu. Kasema, "Lakini mwongozaji anatakiwa ajue anachosimulia, mama." Hakusema kwa ubaya. Iliniuma hivyohivyo.

Chumbani Salma kavua kizibao, kakikunja vizuri. Nikamweleza yote, mafiga, maji, bibi zake. Kasikiliza. Mwisho kasema, "Maisha yangu yote nimekuwa wa kwanza, mama. Unaitwa kwa jina langu."

Tumbo langu limeshafunga siku nyingi, halina la kuogopa. Nimelia. Kwa sauti, chumbani kwa mwanangu, majirani wanasikia. Hakunishika. Hakutoka pia.

Jumapili, 29 Juni

Nimerudi Lionja. Salma kanisindikiza stendi, kanibebea mfuko, kasema safari njema.

Nimeharibu, au nimetengeneza, sijui. Kesho fundi anaanza.

Jumatatu, 30 Juni

Sikuthubutu kupiga. Nimepuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho ya upande wa kisima. Macho yanawasha, nafuu, hakuna anayeuliza kwa nini mekundu.

Alhamisi, 3 Julai

Kimya. Nimepiga, imeita mpaka ikakata.

Hasira yake naielewa. Lakini kama amefukuzwa? Kama hana cha kula na anaona aibu kusema? Nimetuma ujumbe: umekula? Hakujibu.

Mama Masanja kaleta maziwa mgando. Kakaa muda mrefu, kaongelea ndama mgonjwa. Hakutaja lile jambo. Moyoni nimemshukuru.

Ijumaa, 4 Julai

Kajibu. "Nimekula." Neno moja. Nimelisoma mara nyingi.

Jumatatu, 7 Julai

Salma kapiga mwenyewe. Kaongea haraka, kama mtu anayesoma.

Wazee wa mtaa walipandishwa juu. Kumbe wawili kati yao walijua, mama zao waliwahi kusema pale kilimani wanawake wana mambo yao. Wakasema hapajengwi. Kibanda kinahamia chini kwenye mwamba. Hapaoni mji vizuri, miti inaziba, na Meshaki hakufurahi, mchanga wote umebidi uteremshwe. Salma hakuchukuliwa moja kwa moja. Kaongezewa muda wa kujaribiwa. Kijana wa Mzee Issa ndiye kapata.

Nikasema nisamehe mwanangu. Nilisikia pikipiki zikipita kwake.

Halafu kasema leo alikuwa na wageni, wametoka Dodoma. Walipokaribia mpingo aliwaambia wazime baiskeli, washuke, wakokote mpaka wapite. Walilalamika, nzito zikizimwa. Wakamuuliza kwa nini.

"Uliwaambiaje?"

"Nimewaambia dada yangu kalala."

Sijui nani alikata simu.

Jumapili, 13 Julai

Salma kaja na gari la asubuhi. Hakusema kama anakuja. Kasalimia, kaingia jikoni, kachukua kisu cha pili, kakaa kwenye mkeka. Tumemenya mihogo ya makopa, ya kuanika. Yeye anamenya mapande marefu, mimi mafupi, toka zamani tunabishana. Leo hatukubishana.

Mihogo ilikuwa imebaki michache aliponiuliza. Hakuinua kichwa.

"Alifanana na nani?"

Hajaniuliza mtu hilo kamwe. Hata marehemu, hata mama. Nilidhani nimesahau. Nikafunga macho, akaja palepale.

Nikasema baba yako. Paji la uso, na masikio. Nywele nyingi, zimelala kama zimelowa. Vidole virefu. Alikuwa anakunja mdomo kabla ya kulia, halafu halii.

Salma kasikiliza. Kauliza, "Mweusi au maji ya kunde?"

"Mweusi. Anang'aa."

Kasema mm. Kachukua muhogo mwingine.