Kipande cha Shashi Kilichopungua

S.L.P. 418,
Garissa.
Jumanne, 14 Oktoba 2025.

Mpendwa mjomba wangu, Abti Aweys,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani huko Tanga. Goti linaendeleaje? Mama yangu, Hooyo, aliniambia siku hizi unaswali ukiwa umeketi kitini, na tangu alipopata habari hiyo hakuna Alasiri inayopita bila kukuombea. Sisi huku miili ni mizima. Sukari ya Hooyo imetulia. Joto ni lile lile, mvua ya vuli haijaonyesha hata wingu, na Mto Tana umepungua hadi mchanga wa katikati unaonekana.

Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na jambo lenyewe si la kulisema kwa sauti kubwa. Kisomali ulikiacha utotoni, basi vumilia Kiswahili changu cha Garissa. Leyla, binti wa jirani yetu, anasafiri leo jioni kwenda Tanga kwa dada yake, atakukabidhi mkononi.

Mwaka jana nilikueleza kwamba nimechaguliwa kwenye mafunzo ya juu ya tiba ya mifugo, yale ya madaktari waliokwisha kuhitimu na wako kazini. Watu bado wananiuliza daktari anasomea nini tena. Ukweli ni kwamba chuoni nilipasua ng'ombe mmoja tu, na tulikuwa wanafunzi tisa tumemzunguka. Mengine nilijifunzia hapa, juu ya mali za watu. Katika mafunzo haya tunasoma kwa mtandao tukiwa vituoni, tunakwenda Nairobi mara kwa mara kupasua mbele ya walimu, na kila mmoja lazima aandike visa kumi na viwili alivyotibu mwenyewe. Mwalimu wangu ni Dkt. Mwenda, Mmeru mwenye sauti ya upole asiyesamehe uzembe.

Kisa cha kumi na moja ndicho kilichoninyima usingizi, Abti. Wewe ulifanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji zaidi ya miaka ishirini, ndiyo maana nimekuchagua wewe.

Tarehe thelathini Septemba, asubuhi, niliitwa kwa mama mmoja anayeitwa Kinsi, nje kidogo ya mji. Ni mjane, anauza maziwa ya ngamia sokoni, na ana ngamia wanne. Mmoja alikuwa na uchungu tangu jana yake. Nilipoingiza mkono nilikuta ndama amekufa, shingo imejikunja nyuma. Nilijaribu kuinyoosha kwa karibu saa nzima, mkono ukafa ganzi. Hapakuwa na njia nyingine ila kumpasua ngamia.

Nilikuwa na Abdirahim, msaidizi wetu wa afya ya mifugo. Ana umri wa Aabo, baba yangu, na alianza kazi hii kabla sijazaliwa. Tulimlaza ngamia, tukamfunga miguu, nikampiga sindano ya ganzi ubavu wa kushoto. Kabla ya kukata nilihesabu vipande vya shashi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, kama tulivyofundishwa. Vilikuwa ishirini. Ndama tulimtoa, mfuko wa uzazi nikaushona vizuri.

Hapo ndipo nilipokosea. Ilinipasa kuhesabu tena kabla ya kufunga tumbo. Lakini upepo ulivuma, vumbi likaja upande wetu, nikaogopa kidonda kisijae mchanga, nikaharakisha kushona. Nilipomaliza uzi wa mwisho wa ngozi ndipo nikahesabu. Vilikuwa kumi na tisa.

Nilihesabu mara tatu. Nilitafuta kwenye ndoo, kwenye kondo la nyuma, chini ya ndama, ndani ya mikono ya glavu zangu. Nilipekua mchanga kwa vidole. Majirani walikuwa wamejaa uani wakinitazama, hawaelewi nimepoteza nini.

Abdirahim aliniita kando. Alisema huenda asubuhi nilihesabu vibaya, ngamia amechoka, na akifunguliwa tena mbele ya watu wale hakuna atakayetuita tena hapa Garissa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananihurumia. Nilimpigia Dkt. Mwenda mara mbili, hakupokea. Baadaye nilijua alikuwa darasani.

Abti, nitakuambia nisilomwambia mtu yeyote wa hapa. Kwa muda kidogo nilitaka kumwamini Abdirahim. Nilishaanza hata kuosha vyombo. Kisha nikaona kwamba nikiondoka pale, kila asubuhi nitakuwa nauliza kama ngamia wa Kinsi yuko hai.

Nikamfuata Kinsi alipokuwa amekaa, nikamweleza kwamba nimekosea, na kwamba kitambaa kimoja huenda kimebaki tumboni.

"Na ukimwacha hivyo?" akauliza.

Nilimwambia anaweza kuishi mwezi mmoja au miwili, kisha aoze ndani kwa ndani. Akauliza, na ukimfungua tena? Nikamwambia anaweza kufia hapa hapa, leo. Aliinama akaokota jiwe dogo, akaligeuza mkononi, akaliweka chini.

"Mfungue," akasema.

Nilipiga magoti tena, nikakata nyuzi zangu mwenyewe. Mwanaume mmoja alicheka, wengine wakaondoka wakitikisa vichwa. Niliingiza mkono hadi begani, nikapapasa nisiwe na uhakika kama ninachogusa ni utumbo au kitambaa. Ngamia alikuwa anapumua kwa kukoroma. Nilikipata chini kabisa, nyuma ya mfuko wa uzazi, kimelowa damu na kujikunja, hakizidi ukubwa wa yai. Nilipokiweka kwenye sinia Abdirahim alikiangalia, akageuza uso.

Siku ya kwanza ngamia alisimama, ya pili akanywa maji. Siku ya nne homa ikampanda, akalaza shingo chini na kukataa majani. Nilikwenda kwa Kinsi kila siku, mara nyingine mara mbili, kumchoma dawa na kusafisha kidonda. Kinsi alinikaribisha chai lakini hakuzungumza nami. Alikuwa ameitandaza ngozi ya yule ndama ukutani ikauke, ili ngamia aisikie harufu yake na kushusha maziwa. Maziwa hayakushuka.

Huku nyuma habari ilishafika soko la mifugo. Wakaanza kuniita daktari anayesahau nguo tumboni. Mzee Mahat, aliyekuwa ameniahidi ng'ombe wake wawili wa kutibu, alituma salamu kwamba ameshapata mtu mwingine. Hooyo alisikia msikitini, akaniuliza, nikamwambia ni maneno tu ya watu. Nilimdanganya mama yangu, Abti, na hilo pia linanikaa moyoni.

Abdirahim naye alinikwepa siku mbili nzima. Siku ya tatu alikuja ofisini, akafunga mlango, akakaa. Aliniambia habari za ng'ombe wa mjomba wake huko Buna, ambaye yeye mwenyewe alimpasua miaka mingi iliyopita. Ng'ombe alipona vizuri, kisha akaanza kukonda bila sababu, akafa baada ya wiki saba. Walisema ni jicho baya la mtu, na jirani mmoja akashukiwa hadi akahama.

"Katika maisha yangu yote sijawahi kuhesabu," Abdirahim akasema. "Na sitajua kamwe."

Sikuweza kumfariji. Na mimi mwenyewe, kabla ya mafunzo haya, nilifunga matumbo mangapi bila kuhesabu? Nimejaribu kuwakumbuka mmoja mmoja, mbuzi, kondoo na ng'ombe, na wengi sijui walikoishia.

Kisha ikaja zamu ya kuandika kisa chenyewe. Kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza makosa. Ningeweza kuandika kwamba upasuaji ulikwenda salama, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyekuwepo. Niliandika yote, hata lile la vyombo nilivyoanza kuosha. Nilituma Jumatatu ya wiki iliyopita, na Ijumaa nikaitwa. Keshokutwa, Alhamisi, nasimama mbele ya wasahihishaji watatu Nairobi kujieleza. Dkt. Mwenda alinipigia, akasema hawezi kunipa ahadi yoyote. Mwaka uliopita walimtoa mmoja kwa kosa dogo kuliko langu.

Wakinitoa, nafasi ya Garissa imepotea, maana sisi tulipewa moja tu. Ofisi yetu ya mifugo ilishaahidi kujenga chumba cha kupasulia wanyama mara mmoja wetu atakapohitimu, tusiendelee kupasua kwenye vumbi. Nikirudi mikono mitupu, sijui kama kitajengwa. Hilo linaniogopesha kuliko aibu yangu. Usiku nikilala najibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Kinsi kutoa nyuzi. Homa imekwisha tangu juzi, alhamdulillah, na kidonda kimefunga isipokuwa sehemu moja ya chini inayotoa maji kidogo. Ngamia anakula. Maziwa yameanza kushuka, lakini ni ya chuchu mbili tu, na Kinsi anasema huenda hizo nyingine hazitarudi. Sikumficha kwamba hasara hiyo inatokana na homa, na homa inatokana na mimi.

Nilimuaga, nikamwambia nakwenda Nairobi na kwa nini. Nilimwambia nitawaeleza kwamba mnyama anaendelea kupona, labda watanionea huruma. Akakataa.

"Usiwaambie amepona," akasema. "Kupona ni kwa Allah. Waambie ulijua umekosea, watu wote wanakutazama, ukapiga magoti tena."

Niliwasha gari nikarudi nyumbani kukuandikia barua hii.

Jioni hii, kabla sijafunga mkoba, nitamweleza Hooyo ukweli wote. Basi likiondoka kesho alfajiri sitaki awe na swali ambalo sijamjibu.

Nisalimie Shangazi Sharifo, mwambie ubani aliotuma ulifika na umekaribia kwisha. Salamu kwa Iftin na wanawe, na kwa Jama ukimwona. Abdirahim hakujui, lakini amesema nikuombe umwombee dua, kwa kuwa nawe ulikuwa mtu wa kazi hii.

Nami niombee Alhamisi, saa nne asubuhi. Mola akupe nguvu ya goti lako urudi kusujudu chini, na akuweke mpaka nije nikuone kwa macho.

Mpwa wako, mwenye hofu nyingi na upendo mwingi zaidi,

Saynab