Injinia alivyotaka kufuta tasnifu ya dada

Mwenzangu, hasira bado hazijaniisha. Shemeji, mume wa dada, alibakiza kubonyeza mara moja tu afute tasnifu ya dada. Miaka minne ya kazi!

Yule yule anayejiita Injinia kwa sababu aliwahi kubadilisha kioo cha simu. Debe tupu lile.

Jana aliiwekea kompyuta ya dada "mfumo wa kasi". Leo asubuhi imegoma kuwaka. Kioo cheusi, mstari mmoja wa maandishi, basi. Nafika, dada yuko sakafuni analia, na bwana, kidole tayari kwenye kitufe cha kufuta, anatangaza, "Diski imekufa. Tunafuta kila kitu tunaanza upya."

Imekufa! Kaipima kwa kiganja?

Nikamwambia, "Shemeji, toa mkono hapo." Nikaingiza ile CD yangu ya Linux, inayowasha kompyuta bila kugusa diski. Mafaili yote haya hapa, tasnifu nzima nzima. Dada alinishika bega mpaka kucha zikazama.

Kilichoharibika ni kile kiprogramu kidogo kinachoamsha mfumo. Injinia alikivuruga mwenyewe! Nikaandika amri mbili kukirudisha, nikazima, nikawasha. Ikawaka.

Unajua alisemaje? "Nilikuwa nakupa nafasi ujifunze."

Nijifunze. Mimi. Kwake!

Dada alichomoa waya ukutani. Alibeba kompyuta na chaja, akaniambia, "Twende kwako."

Sasa hivi yuko mezani kwangu anaandika. Mumewe amepiga simu mara sita, na dada hajainua hata macho.