Pandu Khatib: Mufindi Tulikwenda Bila Wewe

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka huko Guangzhou, wala hatukupata nafasi ya kukuaga.

Ulikuwa wakala wa mizigo katika jengo la Tianxiu, na Waswahili waliofika mji ule bila lugha wala mwenyeji walielekezwa kwako. Uliwapeleka soko la Shahe kununua nguo, ukawabishania bei, ukawafungia mizigo yao kama vile ni ya mama yako. Ukirudi Tanga ulijisahau. Muuza samaki akitaja bei, ulimjibu kwa Kichina "tai gui", yaani ghali mno, naye akakuuliza huyo ni samaki gani.

Lakini moyo wako ulikuwa kwenye gofu, tangu utotoni ulipokuwa ukimfuata babu akikata nyasi za kiwanja. Jirani yako wa ofisi, Papa Floribert wa Lubumbashi, anasema ulikuwa ukisukuma mipira kati ya maboksi mpaka iingie kwenye kikombe cha chai, huku ukimsimulia viwanja vya zamani vya nchi yako kama mtu anayetaja ndugu zake.

Kila likizo ulimchukua Mama mkavitazame. Arusha. Moshi, mlima ukiwa wazi. Morogoro, ambako aligoma kukanyaga nyasi kwa kuogopa nyoka, nawe ukamshika mkono mpaka shimo la mwisho. Mama hakuwahi kugusa fimbo. Alitembea nyuma yako na buibui lake na mwavuli, akilalamikia jua, na sisi tulijua hakuna safari alizozipenda kama zile.

Kilibaki cha Mufindi, katikati ya mashamba ya chai. "Maonyesho ya biashara ya Pazhou yakiisha tu, narudi," ulimwambia kwenye simu. "Tafuta sweta, Bimkubwa. Kule kuna baridi."

Akanunua sweta.

Siku ile ulirudi kutoka Pazhou umechoka, ukakaa kitini kungoja magharibi. Papa Floribert alipokuletea chai, ulikuwa umeshakwenda. Ndiye aliyetupigia simu. "Mama Ilham," alisema, "mi sina namna ya kukuambia," asiweze kumaliza. Waislamu wa jengo wakakuosha, wakakuswalia, wakakuzika hukohuko. Yeye, Mkristo, alisimama nyuma ya safu ameinua simu juu ili tukuone. Tunamshukuru. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyetia udongo kaburini mwako, na jeraha hilo halijapoa.

Eda ilipokwisha, Mama alisema anakwenda Mufindi. Ami Murshid alimsihi asijitoneshe, hakusikia. Tukamsindikiza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, nyasi zimelowa chepechepe, nasi hatujui tuanzie wapi. Mama alitembea kiwanja kizima. Mtunza nyasi, Dismas, alitukaribisha kwa uungwana, akauliza tumekuja na nani.

Miezi yote ile, waliokuulizia Mama aliwajibu kwamba uko China, na hakudanganya. Siku hiyo alizitazama nyasi.

"Tumekuja peke yetu," akasema. "Mume wangu amefariki."

Kisha akakaa chini palepale kwenye majimaji, akalia. Nasi tukakaa naye.

Unakumbukwa na mkeo Bimkubwa, wanao Ilham na Sufian, mdogo wako Murshid, na ndugu yako wa ugenini Floribert. Mola akurehemu, Baba. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.