Ukumbi Si Nyumba Yangu

Jumatatu, 2 Juni 1975

Baridi. Ukungu umekaa mlangoni tangu alfajiri. Ndiye mgeni pekee niliyempata wiki hii.

Natalia kacheza peke yake tena. Ana mawe saba, kayapa majina ya watoto wa mstari wetu. Lile jeupe ni Justina. Anawapikia uji wa matope na kuwagombeza wasimwage. Nilitazama dirishani nikashindwa kuvumilia, nikamwita ndani achambue maharage.

Mwezi na siku kadhaa tangu Felician atutoke. Wiki saba tu aliishi. Mimi nesi! Nimeshika watoto wa watu hospitali ya Haydom miaka mitatu, halafu wangu kanifia mapajani kwa kifua. Na baada ya maziko – kimya. Hapa mama akifiwa na mtoto anayenyonya, nyumba yake yote inatengwa mwaka mzima. Hakuna kuingia kwake, hakuna kula cha kwake, hakuna kuazimana moto. Metimani, ndivyo wanavyoiita. Wanaogopa mkosi usiwahamie watoto wao. Kwetu Songea mfiwa anajaziwa watu mpaka anakosa pa kulala. Hapa nililia na kuta.

Serikali ilitutoa mabondeni mwaka jana, ikatupanga mstari ili tuishi kijamaa. Kutoka mlango wangu hadi kwa Mama Justina ni hatua thelathini. Hakuna anayezipiga.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata wazo! Tarehe 21, Jumamosi, Natalia anatimiza miaka saba. Haydom niliwaona Wazungu wakimfanyia mtoto wao sherehe ya kuzaliwa. Keki, mishumaa, watoto wamekaa duara. Na hawakufanyia nyumbani, walikwenda darasani, maana nyumba haikuwatosha.

Basi. Watu wanaogopa nyumba yangu. Ukumbi wa tawi la TANU si nyumba yangu. Ukumbi ni wa wananchi wote, Katibu anatuambia hivyo kila mkutano.

Nimemwambia Natalia. Kosa! Ningesubiri. Akauliza, Justina atakuja? Atakuja. Justina mwenyewe, si jiwe? Mwenyewe. Kaenda kuyatupa mawe yote bondeni. Sasa sina pa kurudia.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa Katibu, bwana Hermani. Mtu wa Handeni, mgeni kama mimi. Barua yangu kaisoma mara mbili, kalamu mkononi kama anasahihisha mtihani. Siku ya kuzaliwa ya mtoto mmoja? Ukumbini mwa Chama? Hiyo ni kasumba, mama, mambo ya kibwanyenye. Nikamwambia mtoto mwenyewe hana hata jozi ya pili ya viatu, ubwanyenye kautolea wapi.

Tukavutana. Mwisho akatoa ruhusa, kwa masharti. Isiwe ya Natalia peke yake – iwe ya watoto wote wa tawi waliozaliwa Juni. Nikamuuliza, utawajuaje? Humu wengine wamezaliwa mwaka wa nzige, wengine siku ng'ombe wa fulani alipoibiwa. Akafikiri. Basi waje wote, waimbe nyimbo za chipukizi, iitwe Siku ya Watoto. Akaniandikia na kibali cha sukari, kilo mbili.

Kwa hiyo mwanangu amepata siku ya kuzaliwa ya kijamaa. Potelea mbali. Nilichotaka ni watoto, na watoto nimepewa.

Wakati wote huo tulikuwa tumesimama nje. Hakunikaribisha ofisini. Anasema haamini mambo haya.

Jumatatu, 9 Juni

Mama Justina – Perpetua – kaja hadi kwenye ua wangu wa minyaa, akasimama pale pale anaposimama siku zote. Si mtu mbaya. Felician alizaliwa mikononi mwake. Ananisalimu kila asubuhi kwa sauti, kama tuko ng'ambo mbili za mto.

Amesikia habari za ukumbi. Amefurahi, na amesikitika. Ukumbi si nyumba yako, kasema, hilo sawa. Lakini maandazi yatapikwa kwa moto wa nani? Sufuria za nani? Na mtoto, Mama Natalia – mtoto si wa nyumba ile ile?

Nilifikiri mkosi unakaa kwenye kuta!

Kasema ataongea na baba mkwe wake, Mzee Bura. Huyo ndiye anayejua njia za mambo haya. Nikamwambia ongea. Nimeanza kuomba ruhusa kwa watu wawili, Chama na mizimu. Chama kilikuwa rahisi.

Alhamisi, 12 Juni

Jibu limekuja. Inawezekana!

Perpetua atapika kwake, kwa moto wake. Unga usipite kwangu. Natalia atolewe nyumbani siku nne kabla: anyolewe nywele, aogeshwe, avalishwe nguo mpya zisizotoka humu, alale kwa Perpetua. Hapo atakaa na wenzake na kula nao bila shida.

Na mimi nisiende. Hilo Perpetua alilisema mwisho, akiangalia miguu yake.

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia nimemzaa mimi, saa kumi na mbili za uchungu. Akasema anajua. Nikamwambia mimi ni mtu wa Songea, mizimu yenu hainijui. Akasema, lakini umezaa na mtu wetu. Nikaingia ndani nikabamiza mlango. Mlango wa mabanzi, haubamiziki vizuri hata.

Baadaye nikatoka, nikampigia kelele kutoka mlangoni: sawa. Siku nne ni nini? Nimeshakosa mengi.

Jumapili, 15 Juni

Mume wangu Tadei amekuja na Landrova, kutoka Getanuwas. Wiki tano hajalala hapa. Yeye ni bwana mifugo, lakini siku hizi hatibu ng'ombe – anahesabu watu wanaohamishwa kwenda vijijini. Amekonda. Ana vumbi hadi kwenye kope.

Kaleta unga wa ngano, debe moja, kutoka Basotu. Dhahabu! Hapa tunakula unga wa njano wa msaada, unanuka gunia. Lakini hakuuleta kwangu. Gari lilisimama kwanza kwa Perpetua, na si Tadei aliyeshusha. Alikaa ndani ya gari na mikono mapajani, dereva Michael akashusha debe. Nilikuwa nimemwandikia habari za sherehe tu. Kwamba unga usipite kwangu sikumwandikia.

Nikamuuliza, wewe si ndiye uliyeniambia haya ni mambo ya wazee? Wewe uliyesoma chuo cha Tengeru? Kasema, nisichokiamini mchana nakiogopa nikiona mtoto wa mtu anakohoa. Natalia amekaa juu ya magoti yake jioni nzima, anamsimulia keki. Baba yake amekuwa akimshika nywele tu, anazipitisha vidoleni. Nilidhani ni uchovu.

Amekwenda kwa Mzee Bura, kakaa saa nzima nje ya ua. Aliporudi nilimuuliza wameongea nini. Taratibu tu, kasema.

Jumanne, 17 Juni

Wamemchukua. Wembe ulikuwa wa Perpetua, chini ya mti wao, nami nikiwa huku kwangu. Gauni la zamani limechomwa. Hakulia! Alinipungia mkono. Kichwa chake kidogo mno bila nywele, kama siku aliyozaliwa.

Nyumba ina mlio. Sijui ni wa nini.

Jumamosi, 21 Juni

Leo miaka saba.

Niliapa kukaa ndani. Saa nane nikasikia ngoma ya chipukizi ikianza, nikakaa. Saa nane na nusu nikachukua shoka kama mtu anayekwenda kuchanja kuni, nikapanda kilimani nyuma ya ukumbi, kwenye miti ya mikalitusi. Nani angenishtaki? Sikumgusa mtu.

Madirisha yalikuwa wazi. Watoto kama arobaini! Bwana Hermani alisimama juu ya boksi akawahutubia kuhusu kilimo, kwenye sherehe ya watoto, hadi wadogo wakaanza kusinzia. Halafu wakaimba. Halafu Perpetua akaingia na keki. Aliioka kwenye sufuria, makaa juu na chini kama nilivyomwelekeza kwa kelele, ikatoka imeinama upande mmoja. Mshumaa mmoja, wa kanisani.

Nilikitafuta kichwa kimoja kisicho na nywele. Kilikuwa katikati. Justina alikuwa amekizungushia mkono. Mtoto mwingine akakipapasa, wakacheka wote, naye akacheka – kile kicheko chake cha kukwama, cha mtu anayetaka kupiga chafya. Sijakisikia tangu Pasaka. Niliketi juu ya majani nikacheka na mimi, peke yangu, mdomo nimeuziba kwa khanga. Nilikuwa na furaha. Naandika ili nisije nikakana kesho: leo nilikuwa na furaha.

Kesho baada ya misa namchukua. Nimefua shuka yake.

Jumapili, 22 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda. Sikuingia uani kwao, nilisimama njiani, na adabu zangu zote. Nikaita, nimekuja kumchukua Natalia. Perpetua akatoka anafuta mikono. Kumchukua kwenda wapi?

Nyumbani.

Uso wake ukabadilika. Mama Natalia, kasema, yule hawezi kurudi. Ameshatolewa. Anarudi mwaka ukiisha, na nyinyi mkishasafishwa. Aprili. Akirudi leo anaingia metimani upya pamoja nanyi, na hao watoto wote aliokula nao jana – mama zao watasema nini?

Nikasema, uliniambia siku nne! Akasema, siku nne kabla ya kula na watu. Ndivyo nilivyosema. Na kweli, nimefungua daftari hili, ndivyo alivyosema. Niliuliza mtoto ataingiaje ukumbini. Atatokaje, sikuuliza. Kuuliza si ujinga, tunawaambia hivyo wagonjwa kila siku!

Alikuwa analia, Perpetua. Nilidhani unajua, kasema. Baba yake anajua. Alikuja kwa mzee, akakubali. Aliomba tu usiambiwe kabla ya sherehe, akasema atakuambia mwenyewe.

Hakuniambia. Alikuwa anamuaga pale kwenye magoti, mbele yangu, mimi nakoroga mboga! Nikirudi kumfikiria nataka kumpiga kwa mwiko huu. Halafu naona alivyokonda, nataka kumpa uji. Nimezika mmoja, nimempeleka wa pili kwa mikono yangu, na sukari ya kibali juu.

Jumatatu, 23 Juni

Sheria iko upande wangu. Bwana Hermani kasema hivyo, njiani: Chama hakitambui ushirikina, mtoto ni wako, naweza kuandika barua ya kumrudisha leo. Nikamwambia andika. Nikarudi, nikamwambia asiandike bado.

Mchana nikaenda kumtaka mwenyewe. Perpetua hakubisha, alimleta hadi njiani, akatuacha tuseme. Hatua sita kati yetu. Gauni la buluu, halijawahi kufuliwa na mimi. Shikamoo, mama. Marahaba. Umekula? Nimekula. Unalala na nani? Na Justina, ila anapiga mateke.

Nikasema, Natalia, twende nyumbani.

Akaangalia nyuma, walikokuwa wenzake na kamba yao. Akauliza, nikienda, watacheza na mimi kesho? Singeweza kumdanganya. Nilishamwahidi mara moja Justina atakuja. Nikasema hapana. Mpaka lini? Mpaka Aprili.

Akafikiri, kakunja uso kama baba yake. Halafu ukakunjuka, kapata jibu la hesabu. Basi wewe ndiye uje huku, mama! Unyolewe na wewe. Hauumi, wembe. Unalala siku nne tu, halafu wanakupa keki.

Nikamwambia, nitafikiri.

Nimerudi. Nimewasha moto, sijapika. Tadei atakuja Jumatano na ninajua maneno ya kwanza nitakayomwambia, ya pili siyajui. Bwana Hermani barua ameshaiandika, nimeiona mezani kwake kupitia dirishani, imebaki saini yangu. Giza linaingia. Watoto wanaitwa ndani, nyumba moja moja, nasikia majina.

Sasa ni Natalia anayeita. Amesimama kwenye minyaa ya Perpetua, simwoni, sauti tu. Mara ya tatu hii.

“Mamaa! Umeshafikiri?”