Baba Ameshuka Bustanini

Mtaa wa West Indies,
Eldoret.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Tabby,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Scotland? Shemeji Cyril naye? Na Wahome, lile jino lake limeng'oka ama bado analitikisa kwa kidole siku nzima? Sisi huku tu wazima. Baridi ya asubuhi ni ile ile unayoijua, na bado navaa sweta uliyoniachia, ingawa kiwiko kimetoboka.

Najua unatafuta habari za Baba kwanza. Ni mzima, na leo nina neno zuri juu yake, kwa hivyo kaa chini usome polepole.

Nisamehe, kuna mambo sikukuambia kwa simu. Tangu apatwe na kiharusi, miaka miwili sasa, Baba hakuwa akitoka nje ya geti ila kwenda hospitali. Unakumbuka uwanja ule ulio kati ya nyumba yetu na kijito, alikokuwa akishuka kutembea kila jioni akishafunga duka? Mteremko wake haupitiki kwa kiti cha magurudumu. Mwezi wa tatu aliniambia, "Nyakio, usinitoe hata uani tena. Nikiona watu wakishuka naumia." Nikaenda jikoni nikalia.

Basi mtaa wetu ukapata ufadhili wa kutengeneza huo uwanja uwe bustani, uwe na njia ya kutembea na mabenchi. Mwalimu Rael, yule jirani yetu aliyestaafu, ndiye aliyeandika ombi na ndiye mwenyekiti. Mimi wakanifanya katibu. Mchoro ulipoletwa mkutanoni nikaona geti kubwa la chuma lenye jina la mtaa, halafu ngazi kutoka juu hadi kwenye kijito. Watu walipiga makofi. Unanijua, mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Lakini siku hiyo nilisimama, nikauliza, "Na baba yangu atashukaje hapo?"

Mwalimu Rael akavua miwani. "Hata mimi na haya magoti yangu sikufikiria," akasema. Wakakubaliana geti lifutwe ili pesa zitoshe, na badala ya ngazi iwekwe njia ya matofali ya kabro ya kushuka taratibu.

Nilidhani tumemaliza. Fundi Kimutai alipokuja kupima, akasema njia kama hiyo ni lazima izunguke, na pa kuzungukia ni pale Jerop alipolima sukuma wiki. Jerop ni jirani wa nyuma, uliondoka akiwa bado hajahamia. Ardhi si yake, ni ya umma, lakini amelima hapo miaka sita na ndiyo mboga anayouza kulisha watoto. Kamati ikaamua apewe wiki mbili aondoe mimea yake. Barua niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Asubuhi iliyofuata aliileta mlangoni. "Nyakio, tunakaa ua kwa ua, na unaniandikia barua?" Akaiweka mkononi mwangu akaenda zake. Tabby, niliona haya sijui nikuambie nini. Baba alikuwa amesikia kila kitu. Aliniambia kwa ile sauti yake nzito ya siku hizi, "Kama ni hivyo, acha nikae ndani."

Jumamosi nikamfuata Jerop shambani. Nilimkuta akipalilia, nikainama nikapalilia naye hadi mwisho wa mstari, kisha nikamwomba msamaha.

"Sijakataa Mzee apite," akasema. "Nimekataa kufukuzwa kama kuku. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza." Akajipangusa mikono. "Na huyo fundi wenu hajui hiki kilima. Mimi napandisha wilbaro ya mbolea hapa kila wiki. Njoo."

Akanipeleka nyuma ya ile miti ya blugamu, kwenye kijia chake mwenyewe. Akajaza wilbaro, akanipa. "Sukuma." Nikasukuma hadi juu, mimi huyu mnene, na sikutweta! Kimutai alipoitwa akapima, akajicheka mwenyewe. Njia ikapita hapo, ikachukua mistari miwili tu ya sukuma. Iliyobaki ni ya Jerop aendelee kulima, na nimeliandika hilo kwenye kumbukumbu za kamati.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, tukaifungua. Baba aliogopa. Alishika geti letu akasema ataanguka. Jerop ndiye aliyemwinamia: "Mzee, nimeshusha mawe hapa na hayakuanguka. Wewe utaangushwa na nini?" Baba akaachilia geti.

Nilimshusha polepole, nimekivuta kiti nyuma kwa nguvu zangu zote. Tulipofika chini, pale tambarare kando ya maji, akasema, "Niachilie." Nikaogopa, lakini nikamwachilia. Akasukuma gurudumu kwa ule mkono mmoja mzima. Unajua mkono mmoja unafanya nini: kiti kikazunguka pale pale. Akasukuma tena, kikazunguka tena. Halafu akaanza kucheka. Tabby, nilikuwa nimesahau Baba huchekaje. Mwalimu Rael alikuwa akilia, mimi nikilia, na Baba anazunguka tu.

Kwa hivyo usijilaumu tena kwamba uko mbali. Likizo ikipatikana utakuja, isipopatikana tutangoja.

Nisalimie Cyril, na umbusu Wahome kwa niaba yangu. Shangazi Tryphosa wa Cheptiret anakusalimu, na Jerop pia, ingawa hamjaonana. Mungu akufunike kwenye hiyo baridi yenu, akulinde kazini na njiani.

Nimemsomea Baba barua hii. Anasema hakuzunguka mara mbili kama nilivyoandika. Alizunguka mara tano, na ananiambia nikuandikie hivyo.

Dada yako anayekupenda kila siku,
Nyakio